Ustadi Hautakasi Dau

Agosti 2012, Jaji Jack Weinstein wa mahakama ya shirikisho huko Brooklyn, New York, alitoa hukumu ya kurasa zaidi ya mia moja kuhusu mtu aliyekuwa akiendesha mchezo wa poka katika chumba cha nyuma cha ghala. Baada ya kusikiliza wachambuzi wa takwimu, jaji aliridhika kwamba katika poka ustadi unaizidi bahati, na kwa hiyo mchezo huo haukuwa kamari kwa maana ya sheria iliyotumika kumshtaki mtu huyo. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliitengua hukumu, si kwa sababu iliukana ustadi, bali kwa sababu iliona kwamba sheria yenyewe haikuuliza habari zake. Wanasheria wakamaliza yao, lakini swali la kimaadili likabaki pale pale. Mtu akichukua fedha za mwenzake mezani kwa akili wala si kwa bahati, je, fedha hizo zimekuwa halali yake? Swali hili halikuishia Marekani. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayekesha akipekua takwimu za ligi kabla ya kupanga mkeka wa kubashiri mechi ana utetezi uleule: wengine wanabahatisha, mimi nafanya uchambuzi. Nitajenga hoja kwamba ustadi wa poka ni wa kweli, tena ni elimu yenye heshima, lakini hauna uwezo wa kuzitakasa fedha zinazopatikana kwa ustadi huo. Kinyume chake, kadiri ustadi unavyozidi, ndivyo anayeshinda anavyozidi kujua ni nani anayelipa na kwa nini analipa, na mwenye kujua hana pa kujifichia.

Tuupe kwanza ustadi haki yake, maana wanaoiita poka bahati tupu hawajaichunguza. Katika aina inayochezwa zaidi, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa hatua, na katika kila hatua wachezaji huweka dau, huliongeza, au hutupa karata zao na kujitoa. Karata 52 zinatoa jozi 1,326 za kuanzia, na hakuna anayechagua ipi imfikie. Anachochagua ni bei ya kubaki mchezoni. Mchukue mchezaji mwenye kopa nne, mbili mkononi na mbili mezani, huku imebaki karata moja tu ya kufunuliwa, na tuseme kopa ya tano itampa ushindi. Karata asizoziona ni 46, na kopa kati yake ni tisa. Mezani pana shilingi 80,000, na mpinzani ameongeza 20,000. Akilipa 20,000 ili aione karata ya mwisho, katika kila mara 46 atapata 100,000 mara tisa na kupoteza 20,000 mara 37. Hesabu ikifungwa, amebakiwa na 160,000, yaani kama 3,500 kwa kila mara. Lakini kama mpinzani angeongeza 40,000, kulipa kungemtia hasara ya wastani wa 8,700 hivi. Karata ni zilezile na bahati ni ileile. Kilichobadilika ni bei. Mchezaji stadi huchuma katika tofauti ndogo kama hizi. Hupenda kuamua wa mwisho, akiwa ameshaona wenzake wamefanya nini. Hukumbuka nani huongeza dau akiwa na karata mbovu na nani hukimbia akitishwa. Huacha karata nyingi zipite bila kuzigusa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloahidi ushindi wa usiku huu. Yakirundikana kwa maelfu ya mizunguko, yanakuwa riziki.

Riziki hiyo hutoka wapi? Hisabati imelijibu swali hili bila kumung'unya maneno. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kilichoasisi nadharia ya michezo, na poka ilikuwa na nafasi yake humo. Walionyesha kwamba hata kutishia, yaani kuweka dau kubwa juu ya karata dhaifu, kuna kipimo chake: ukizidisha utanaswa, ukipunguza utasomeka. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imeimaliza aina moja ya poka ya watu wawili kwa ukaribu kiasi kwamba maisha mazima ya mtu hayatoshi kuonyesha kwamba bado ina upungufu. Miaka miwili baadaye Libratus, programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mizunguko 120,000 dhidi ya mabingwa wanne katika kasino moja mjini Pittsburgh, ikawashinda wote. Katika mchezo wa watu wawili, mkakati uliokamilika haumwahidi mwenye nao faida. Unamwahidi tu kwamba hatadhurika. Wakae wawili wenye mkakati huo, wabadilishane zamu, na baada ya muda mrefu kila mmoja atainuka na kile alichokuja nacho, ukiondoa sehemu ambayo kasino hujikatia. Faida huzaliwa pale tu ambapo mmoja amekosea. Basi kila shilingi anayochuma stadi ni kosa la mtu mwingine lililogeuzwa fedha. Wanaoishi kwa poka hawalifichi jambo hili wanapozungumza wao kwa wao: husema uamuzi mkubwa kuliko yote ni kuchagua meza ya kukaa, na wachezaji dhaifu wamewapa jina la samaki.

Hapo ndipo utetezi wa ustadi unapojikwaa. Utetezi huo huweka bahati upande mmoja wa mizani na ustadi upande wa pili, kana kwamba kimoja kikipanda hatia ya kingine inashuka. Katika poka viwili hivyo havishindani. Vinafanya kazi pamoja. Fikiria mchezo rahisi ambao mmoja ana nafasi 55 katika 100 za kushinda kila mzunguko na mwenziwe ana 45. Wakicheza mizunguko kumi, mnyonge atamaliza akiwa mbele zaidi ya mara moja katika kila nne. Wakicheza mia moja, bado atamaliza mbele mara 13 hivi katika mia. Wakicheza elfu moja, atamaliza mbele chini ya mara moja katika elfu. Mchezaji wa mapumziko huhesabu mchezo wake kwa usiku mmoja mmoja. Mchumaji huhesabu kwa mwaka. Yule wa kwanza akishinda usiku mmoja anaona amethibitisha uwezo, akishindwa anasema ni mkosi, na kwa njia hiyo hapati kamwe habari ya kweli kuhusu nafsi yake. Katika sataranji hali haiko hivyo. Mgeni akikutana na bingwa hufungwa, akirudi hufungwa tena, na haichukui muda kabla hajajua kwamba asiweke fedha. Kwa sababu hiyo ni vigumu mtu kuishi kwa kuwafunga wageni sataranji, ilhali wapo wanaoishi kwa kuwafunga wageni poka. Bahati ndiyo inayomrudisha mnyonge mezani. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker aliingia mashindano makuu ya World Series of Poker kupitia mchujo wa intaneti uliomgharimu dola 86, akatoka na dola milioni 2.5. Mwaka huo washiriki walikuwa 839. Mwaka 2004 wakawa 2,576, na mwaka 2005 wakawa 5,619. Ushindi wa mgeni mmoja uliwafungulia mabingwa mavuno wasiyowahi kuyaona.

Waliofikiri juu ya maadili tangu zamani walilitambua jambo hili bila programu wala takwimu. Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake kwa Nikomako, aliwaweka wacheza kamari karibu na wezi, na sababu aliyoitoa haikuwa kwamba wanategemea bahati. Kosa lao, kwa maoni yake, ni kwamba wanachuma kwa rafiki zao, watu ambao ilistahili wawape. Katika Uislamu, aya ya 219 ya Sura al-Baqara inakiri kwamba kamari ina manufaa kwa watu, ila dhambi yake inayazidi manufaa hayo. Na aya ya 90 na ya 91 za Sura al-Maida zinataja uadui na chuki vinavyopandwa kati ya watu, pamoja na kuzuiwa wasimkumbuke Mungu na wasiswali. Sababu hizo zinahusu kile ambacho kamari inawafanyia watu, wala hazisemi kwamba akili ikiwa nyingi hukumu inabadilika. Wanazuoni walipoijadili sataranji, mchezo usio na dadu wala karata ya kubahatisha, walitofautiana kuhusu kuicheza bure: wengi waliiharamisha, na madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki, yaliihesabu kuwa makuruhu. Lakini pande zote mbili zikiweka dau, hitilafu ilikwisha. Hiyo ni kamari. Kama ustadi ungekuwa na nguvu ya kutakasa, sataranji ingekuwa ya kwanza kutakasika, kwa kuwa ndani yake hamna kitu kingine zaidi ya ustadi. Wanazuoni hao hawakuuliza ni kiasi gani cha akili kimetumika. Waliuliza fedha zimetoka mfukoni mwa nani, na aliyezitoa amepata nini badala yake.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu, ni la ridhaa. Wachezaji wa poka ni watu wazima. Hakuna aliyekamatwa mkono akakalishwa mezani. Kanuni zinajulikana na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anaficha karata. Hayo ni kweli, na ndiyo yanayotofautisha poka na wizi. Lakini tuangalie ridhaa hiyo imeridhia nini hasa. Imeridhia kufichwa karata, haikuridhia kufichwa pengo. Mchezaji dhaifu amekubali kutojua kama mpinzani ana ree mbili au hana kitu. Hajakubali kucheza usiku kucha na mtu ambaye, hesabu zikichukuliwa kwa mwaka, hana njia ya kumshinda. Kipimo chake ni chepesi: mwenye ustadi aseme kwa sauti, kabla karata hazijagawiwa, anachokijua kuhusu udhaifu wa kila aliyeketi pale na kiasi anachotarajia kuvuna kwake. Wengi wangeinuka. Faida inayotoweka ukweli unaposemwa ni faida inayokula ujinga wa mtu, hata kama kanuni za mchezo hazikuvunjwa. Itasemwa kwamba wapo matajiri wanaojua fika kuwa ni wanyonge na wanalipa kwa furaha, kama mtu anavyolipa kiingilio cha mpira. Nakubali kwamba mbele ya mtu wa namna hiyo hoja yangu inalegea. Ila kiingilio cha mpira kimebandikwa mlangoni na hakipandi kwa sababu mtazamaji ameshindwa kuondoka, na mchumaji wa poka hamuulizi aliye mbele yake kama ni tajiri anayestarehe au ni mtu anayecheza na ada ya shule ya mtoto. Hesabu za wote wawili ni moja, na kwake wote ni samaki.

Pingamizi la pili ni la biashara. Itaulizwa: mfanyabiashara naye si anaishi kwa kujua asichokijua mteja? Swali hili ni la kale. Cicero, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, ameeleza habari ya mwenye meli ya nafaka kutoka Alexandria anayefika Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi au auze kwanza kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli aliona hana wajibu wa kusema, mwanafalsafa mwenzake Antipater aliona anao, na Cicero mwenyewe akaelemea upande wa kusema. Katika mapokeo ya Kiislamu, Mtume alikataza kuwaendea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei, na akampa muuzaji haki ya kuyavunja mauzo hayo akishafika sokoni. Kwa hiyo hata biashara, ambayo ni halali, haikuachiwa itumie ujinga wa mwenzake ipendavyo. Tena biashara ina kitu ambacho poka haina. Watu wa Rhodes wamelipa ghali, lakini jioni wamekula. Mwenye msafara amepunjwa, lakini ameondoka na fedha za kununulia chumvi na nguo. Iondoe nafaka, iondoe nguo, iondoe kila bidhaa, ubakize tu pengo la kujua na kutojua, hapo utakuwa umepata poka. Na kama kuna pembe za masoko ya fedha ambako watu hununua na kuuziana matarajio bila bidhaa wala mtaji kumfikia yeyote, hoja hii inazigusa pembe hizo pia, na mfanano huo hauwezi kuwa utetezi wa poka.

Tatu, itasemwa kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu naye huwashinda wenzake kwa tofauti ndogo, akachukua zawadi, na hakuna anayemlaumu. Tofauti iko katika chanzo cha fedha. Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, imelipambanua hili kwa umakini: iliruhusu zawadi katika mbio za farasi na ngamia na katika kulenga shabaha, na haikuona tatizo zawadi ikitolewa na mtawala au mtu asiyeshindana. Washindani wawili walipotaka kuweka dau wao wenyewe, wanazuoni wengi walishurutisha aingie wa tatu asiyeweka kitu, ili mchezo usibaki kuwa kila mmoja ama atwae ama atwaliwe. Unaweza kuibishia kanuni hiyo, na mwanazuoni Ibn Taymiyya aliibishia, lakini inaonyesha macho yalielekezwa wapi. Mkimbiaji hawavui wenzake akiba zao. Aliyefika wa kumi anarudi nyumbani na miguu inayouma, lakini mfuko wake haukuguswa na mshindi. Mashindano ya poka hukusanya viingilio vya wachezaji wenyewe, waandaaji wakakata chao, kisha waliobaki mwisho wakagawana. Zawadi ya bingwa imefumwa kwa hasara za walioshindwa, na nyingine haipo.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni kwamba poka hufunza maadili. Humfundisha mtu subira na kutawala hasira. Humzoesha kutofautisha uamuzi mzuri na matokeo mazuri, kwa maana unaweza kuamua sawasawa na bado ukashindwa. Humwonyesha jinsi tunavyojidanganya kwa kuhesabu bahati zetu kuwa ni akili. Haya yote ni kweli, na mtu aliyeyapata ameneemeka. Lakini hesabu ya kopa tisa katika karata 46 haihitaji fedha ya mtu ili iwe sahihi. Programu zilizofika mbali kuliko binadamu yeyote zilijifunza kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe mamilioni ya mizunguko bila mtu kupoteza hata senti. Mtetezi atajibu kwamba bila fedha mchezo unapooza: hakuna anayeogopa kutishiwa wakati hana cha kupoteza. Jibu hilo limekubali zaidi ya lilivyokusudia. Linasema kwamba kinachoupa mchezo uhai ni uchungu wa kupoteza, na kwamba darasa la subira haliwezi kufunguliwa mpaka pawepo mtu wa kuumia. Fadhila inayohitaji mwenzako aumie ili wewe ujifunze imeshakanusha sehemu kubwa ya kile inachokifundisha.

Tuseme basi kila kitu kwa jina lake. Mtu anayegundua upenyo mdogo katika poka amegundua ukweli, na kuugundua ukweli si dhambi. Mwalimu wa hisabati akiutumia mchezo huu kufundisha uwezekano amefanya kazi njema, na marafiki wanaocheza bila dau hawamdhuru yeyote. Kinachohitaji utetezi ni hatua ya pili: kuugeuza ujuzi huo kuwa mfereji wa kupitishia mali ya anayejua kidogo kwenda kwa anayejua zaidi, bila kumwachia chochote badala yake, huku bahati ikimzuia asilione pengo. Hatua hiyo haiwi nyepesi kwa sababu imefanywa kwa akili. Anayebahatisha anaweza angalau kusema hakujua nani angeumia. Mwenye ustadi amejinyima udhuru huo. Ndugu msomaji, ukiona una kipaji cha hesabu za namna hii, jifunze, cheza bure, fundisha wenzako mpaka pengo lizibike. Na ukikaa mezani penye dau ukajua kwamba faida yako yote ni makosa ya aliye mbele yako, usijitetee kwa ustadi wako. Mwambie unachokijua, au inuka.